Aliyeumia na Anayechekwa

Mwaka 1985 Franco Luambo Makiadi na bendi yake ya OK Jazz, wa Zaire kama nchi ile ilivyoitwa wakati huo, walitoa wimbo uitwao "Mario". Umeimbwa kwa Kilingala, na sauti ya Madilu System ndiyo iliyobeba malalamiko yake. Mwenye kulalama ni mwanamke mtu mzima, mwenye mali. Anayelalamikiwa ni kijana aliyesoma lakini hataki kazi, ameridhika kula na kuvaa kwa jasho la mwenziwe. Juu ya hayo kuna wivu, na mapigano kila uchao. Mwanamke amechoka.

Wimbo huo ulivuka mipaka. Hata leo, nchini Tanzania, mwanamume alelewaye na mwanamke huitwa marioo, neno ambalo wengi hulinasibisha nao. Sisi walimu wa Kiswahili hufurahi neno geni linapopata uraia katika lugha yetu. Lakini hatuna budi kutazama limekuja na mzigo gani. Limekuja na uvivu wa kijana, na kejeli kwa mama aliyemfuga. Mapigano yalibaki nyuma. Ukimwita mtu marioo, hakuna asikiaye kofi.

Hapo ndipo penye swali. Je, aliyetoa mali kwa ajili ya mapenzi, kisha akatendwa, aweza kusema amesalitiwa? Wako wakanao: alinunua, na mnunuzi hulalamikia bidhaa tu. Hoja hiyo si ya kubezwa, kwani yamkini mwenye kulipa alitaraji utii. Hata hivyo yasahau kwamba mtu hasaliti mali, husaliti amana. Mwanamke yule alimfungulia kijana mlango, akalala usingizi mbele yake. Amana hiyo ingekuwapo hata kama nyumba ingekuwa ya kijana, na mama ndiye mgeni. Ama pigo, hilo halihitaji hata amana ili liwe dhuluma. Lingekuwa dhuluma kutoka kwa mpita njia. Likitoka kwa umpendaye, usaliti huongezeka juu yake. Kuyachanganya mambo haya mawili ndiko kunakomfanya msikilizaji apime kwanza nani alilipa nini, kabla hajauliza nani alipigwa.

Twakiri kwamba mtunzi ni mwanamume aliyeazima kinywa cha mwanamke, wala wimbo si baraza la usuluhishi. Hilo halipunguzi uzito wa malalamiko. Yawapata wengi wasioimbwa.

Darasani, neno marioo likitajwa, wanafunzi hucheka. Twawauliza wamcheka nani. Hujibu upesi: kijana. Tukiuliza, na mama je, hunyamaza kidogo, kisha mmoja husema kwamba alijitakia. Neno hilo la kujitakia ndilo tulijadililo kwa muda uliobaki wa kipindi.