Mwamba wa Bahari ni Amana

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeifanya bahari kuwa mlango wa riziki kwa waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Watu wengi hudhani mwamba wa matumbawe ni jiwe tu. Sivyo. Umejengwa na viumbe hai vidogo mno, kizazi juu ya kizazi. Na matumbawe makubwa ya duara hukua kadiri ya sentimita 1 tu kwa mwaka. Basi tumbawe la kimo cha mtu lilianza kujengwa zama za babu wa babu zake. Humo changu na chewa hupata maficho, na hapo wimbi la kusi huvunjika kabla ya kufika pwani.

Mwamba huu umeingiwa na maradhi. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi. Matumbawe yakaitoa ile mimea midogo ikaayo ndani yake, iyalishayo na kuyatia rangi, yakawa meupe mfano wa sanda. Na mengi katika pwani ya Kenya na Tanzania yakafa. Joto likarudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Asili yake kubwa ni mafuta na makaa ya mawe yachomwayo ulimwenguni, na mvuvi wa ngalawa hana fungu kubwa katika hayo. Lakini mwamba ulioungua ukiachwa, huweza kupona. Ukipigwa baruti au ukiburuzwa juya, ni mgonjwa aliyepigwa kitandani mwake. Katika Sura Ar-Rum watu wameonywa juu ya uharibifu wa bara na bahari, ya kuwa chanzo chake ni matendo yao wenyewe.

Sheria ya Tanzania iliikataza baruti tangu mwaka 1970, wala watu hawakukoma kwa miaka mingi. Yuko asemaye: "Bahari ni ya Mungu, haina mwenyewe; nami nina watoto." Jawabu yake imo katika mfano wa Mtume, sala na salamu zimshukie, alioupokea Nuuman bin Bashir. Watu walipiga kura chomboni, hawa wakapata juu na hawa chini. Wa chini, kwa kuchelea kuwaudhi wa juu kila watekapo maji, wakaazimu kutoboa fungu lao. Hawakukusudia shari. Lakini wakiachwa, wote huzama. Wakishikwa mikono, wote huokoka.

Apigaye baruti ndiye mtoboa chombo. Anunuaye samaki wake hali ajua, ndiye aliyempa keekee. Na anyamazaye hatoki chomboni kwa kunyamaza kwake. Watoto watolewao udhuru leo ndio watakaoukuta mwamba umekuwa kifusi kesho.

Wapemba husimulia ya kuwa Nabii Khidhri alitaka msala wa kusalia asipate, akakifanya kisiwa cha Misali kuwa msala wake. Kisiwa hicho kilitengwa kihifadhiwe mwaka 1998, na wavuvi wake wakanasihiwa kwa mafundisho ya Kiislamu. Basi ni nani akanyagaye msala kwa viatu?

Enyi Waislamu, shikaneni mikono kabla maji hayajaingia. Mwenyezi Mungu awajaalie wavuvi riziki ya halali, na awape wazee ujasiri wa kukataza maovu. Amin.