Mgongo Ukiuma, Swala Haiumwi



Ndugu zangu wa kiume na wa kike katika Uislamu, mwenzetu mmoja hapa Gitega alikaa wiki mbili bila kuswali. Hakuacha kwa uvivu wala kwa dharau. Mgongo ulimkaza, hawezi kurukuu, hawezi kusujudu, akaona aibu kuketi kwenye kiti mbele ya vijana wenzake. Akajiambia: nikipona nitazilipa zote. Namwandikia yeye, na kila aliye katika hali kama yake, kwa sababu maradhi ya mgongo nami yamenifika, na yalinikuta nyumbani Muyinga, mwisho wa juma mmoja wa masika.

Tuanze na hukumu, kwani ndiyo msingi. Imran bin Huswayn (R.A.), sahaba wa Mtume (S.A.W.), alikuwa na ugonjwa wa bawasiri, akamuuliza Mtume kuhusu swala yake. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, Mtume alimwelekeza aswali kwa kusimama. Asipoweza, aswali kwa kuketi. Asipoweza, aswali kwa ubavu. Tazameni: ngazi ni tatu, na hakuna ngazi ya kuacha. Maadamu akili ipo, swala ya faradhi ipo. Kinachoshuka ni namna ya kuiswali, kwa kadiri ya uwezo wa mja.

Kwa hiyo, mwenye mgongo unaouma na anaweza kusimama, asimame katika kisomo. Asiyeweza kuinama, aashirie rukuu na sijda kwa kichwa, na ishara ya sijda iwe chini zaidi kuliko ya rukuu. Asiyeweza kusimama, aketi chini au kwenye kiti. Asiyeweza kuketi, alale ubavu, na bora ni wa kulia, akielekea kibla. Kwetu Burundi, Makka iko kaskazini ikielekea mashariki kidogo. Basi mkeka upangwe hivyo kabla ya mgonjwa kulazwa, asije akasumbuliwa kugeuzwa kila adhana.

Sasa niwaeleze niliyoyaona. Nilipanda gari Ijumaa mchana kwa njia ya Karuzi, nimebanwa kiti cha nyuma, nikafika Muyinga nikiwa siwezi kunyooka. Jumamosi mvua ilianza kabla ya alfajiri na haikukatika mpaka Jumapili jioni. Kazi za jamii za Jumamosi asubuhi hazikuwezekana, shamba halikwendeka, msikiti haukufikika kwa tope. Tulibaki wote ndani, watu saba chini ya bati moja, na kelele za mvua zikafanya tuongee kwa kupaza sauti.

Mdogo wangu wa miaka sita aliniona nikiswali kwa ubavu. Nilipotoa salamu, akaniuliza: "Kaka, Mungu anaikubali swala ya mtu aliyelala?" Kabla sijajibu, bibi yetu, ambaye kwa miaka mingi sasa huswali akiwa juu ya kigoda, akamwambia: "Mjukuu wangu, Mungu hapimi urefu wa mtu."

Ndugu zangu, maneno hayo ya bibi yana asili. Katika Surat Aal Imran, aya ya 191, Mwenyezi Mungu anawasifu wenye akili kwamba wanamkumbuka wakiwa wamesimama, wameketi na wamelala ubavu. Hali zote tatu zimetajwa kwa sifa. Na katika hadithi ya Abu Musa (R.A.) aliyoipokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametubashiria kwamba mja akiumwa au akisafiri, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na mkazi. Basi anayeswali jamaa siku za uzima wake, hapotezi kitu akiswali ameketi siku za maradhi. Hasara ni kwa aliyengoja kupona ndipo aanze.

Mvua nayo ina hukumu yake. Ibn Abbas (R.A.), siku ya mvua, alimwamuru mwadhini awaambie watu waswali majumbani mwao, na watu waliposhangaa, akasema kwamba aliye bora kuliko yeye alifanya hivyo, yaani Mtume (S.A.W.). Lakini tusichanganye ruhusa mbili. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, wameruhusu kukusanya swala mbili kwa sababu ya mvua kwa wale wanaoswali jamaa msikitini na kupata taabu ya njia. Anayeswali nyumbani hana njia ya kutembea, kwa hiyo kila swala aiswali kwa wakati wake. Sisi siku ile tuliswali jamaa sebuleni, baba akiwa imamu, bibi juu ya kigoda chake, nami mkekani pembeni.

Jambo jingine nililoliona ni la mama. Alikuwa akienda na kurudi, anakinga maji ya mvua kwa mabeseni, anachochea kuni zilizolowa, na kila akiinuka anashika kiuno. Nikamuuliza: "Mama, nawe mgongo unakuuma?" Akacheka. "Mwanangu, huu unauma tangu nilipokubeba wewe. Ulikuwa mzito, na jembe halikungoja ukue."

Mwenyezi Mungu katika Surat Luqman, aya ya 14, anatuusia wazazi wetu, na anamtaja mama aliyebeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu. Kwetu, akishazaa, humfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akalima naye, akateka maji naye. Mwanafunzi anayerudi nyumbani na mgongo wa siku tatu anakuta mgongo wa miaka ishirini ungali unafanya kazi.

Basi niliomba ungo wa maharage nikachambua nikiwa nimeegemea ukuta. Mikono haikuwa mgonjwa. Kisha nikamsikiliza mdogo wangu sura fupi, moja baada ya moja. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika, hutoka kwenda kuswali. Huduma ya nyumbani ni sunna, na ipo ambayo hata mwenye maumivu anaiweza.

Wala subira si kukataa tiba. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Maumivu mengi ya mgongo hupungua kwa kutembea taratibu kuliko kulala siku nzima. Lakini ukiona miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, haja inakutoka bila kujizuia, au una homa pamoja na maumivu, usingoje mvua ikatike. Nenda ukamwone daktari.

Nawe uliye mzima, una wajibu. Weka kiti mwisho wa safu. Usimkodolee macho anayekikalia, wala usimuulize mbele za watu ana nini. Huenda jicho lako ndilo linalomzuia ndugu yako asije msikitini. Na ukipiga simu nyumbani, baada ya kuomba nauli, muulize mama mgongo wake unaendeleaje.

Ewe Mola wetu, ifanye mvua yetu iwe ya manufaa. Waponye wagonjwa wetu, yafanye maumivu yao kuwa kafara ya madhambi yao, na uwarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tungali wadogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.