TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 16: Tende na Maji kwa Mzazi



Ndugu zangu, mama zangu na dada zangu, swaumu zinaendeleaje? Allah azitakabali.

Tunaosoma juzuu moja kila siku, leo tumefika juzuu ya 16, na ndani yake imo Surat Maryam. Ukifika aya ya 22 mpaka ya 26, usipite mbio. Simama kidogo.

Pale tunamkuta Bibi Maryam (a.s.) yuko peke yake, mbali na watu wake. Uchungu umemshika, umempeleka kwenye shina la mtende. Na mwanamke huyo, ambaye Allah alimteua juu ya wanawake wa walimwengu, anatamani lau angekufa kabla ya siku ile na kusahauliwa kabisa.

Hebu jiulize: mzazi wa mtaani kwetu akisema maneno kama hayo leo, tutamjibu nini? "Astaghfirullah, unakufuru!" "Wenzio wanatafuta mtoto mwaka wa kumi hawapati." "Imani yako ndogo." Si ndiyo majibu yetu?

Sasa tazama Bibi Maryam alijibiwa vipi. Hakukemewa. Hakuambiwa imani yake ina kasoro. Alipewa vitu vitatu, kwa mpangilio.

*Kwanza,* neno la kumtuliza: asihuzunike.
*Pili,* chakula na kinywaji: kijito cha maji chini yake, na tende mbivu za kudondoka. Ale, anywe, moyo wake utulie.
*Tatu,* alipumzishwa na maneno ya watu. Akimwona mtu yeyote, aonyeshe kwamba ameweka nadhiri ya kutosema siku hiyo. Hakudaiwa maelezo.

Nitawaambia la kwangu, na mama watoto ameniruhusu niliandike.

Mtoto wetu wa pili alizaliwa katikati ya Shaaban. Mama mkwe alikaa nasi wiki mbili, Ramadhani ilipoingia akarudi kwake. Mimi nilikuwa nasalisha tarawehe. Usiku mmoja narudi nyumbani, nakuta chumba kina giza. Umeme upo, taa haijawashwa. Mtoto analia kitandani, mama yake amekaa pembeni anamtazama tu. Nikamwambia, "Mtoto analia, husikii?" Akanijibu, "Nasikia." Basi. Nikamwambia alete dhikri na asubiri, nikalala ili niwahi daku.

Kesho yake dada yangu akaja kutusalimia. Akaingia jikoni, akafunua sufuria moja moja, akaniuliza: "Kaka, mzazi anakula nini mchana?"

Sikuwa na jibu. Nyumba nzima tulikuwa tumefunga, jiko linawashwa alasiri. Mke wangu alikuwa kwenye nifasi, hana funga, ananyonyesha, lakini anaona haya kula mbele yetu. Hata maji alikuwa anayanywa kwa kujificha. Na mimi Surat Maryam naijua kwa moyo.

Dada alipika uji, akambeba mtoto, akamwambia mama yake alale. Siku mbili baadaye nikampeleka kliniki. Nesi alimuuliza tu, "Mama, wewe mwenyewe unajisikiaje?" Ndipo alipolia na kueleza yote. Ilichukua miezi kadhaa, kwa ushauri na uangalizi, mpaka akarudi kuwa yeye. Alhamdulillah.

Ndugu zangu, tuelewe jambo hili vizuri. Siku za mwanzo baada ya kujifungua, wazazi wengi hulia bila sababu, hukasirika, hukosa raha. Mwili umetoka kwenye kazi kubwa na homoni zinashuka. Kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya wiki mbili. Lakini ikipita hapo, au ikiwa nzito, mtu hana hamu ya kitu, halali hata mtoto akilala, anajiona mama mbaya, hiyo inaweza kuwa *sonona baada ya kujifungua*. Ni ugonjwa. Unatibika. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wapatao 13 katika kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea ni karibu 20. Hebu wahesabu wazazi unaowajua.

Na mzazi akizungumzia kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usimwache peke yake hata kidogo. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Dua na kisomo tutamsomea, na hospitali ataenda. Kimoja hakizuii kingine.

Na wewe baba mpya, najua na wewe umechoka. Hulali, madeni ya hospitali, akika inakusubiri, na kila mtu anakuuliza hali ya mama na mtoto, hakuna anayekuuliza yako. Sonona huwapata akina baba pia. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, mwambie ukweli. Hujapungukiwa uanaume.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa anaingia kwenye swala akitaka kuirefusha, akisikia mtoto analia anaifupisha, kwa kujua jinsi moyo wa mama yake unavyotaabika. Swala ya Mtume, jamani! Ikafupishwa kwa ajili ya moyo wa mama. Sisi tunashindwa kufupisha baraza?

*Leo tufanye hivi:*

Kama nyumbani kuna mzazi, chakula chake cha mchana kiandaliwe kabla hujatoka, apelekewe, aambiwe wazi: "Kula, hii ni haki yako." Mwenye nifasi haswali wala hafungi, funga atailipa baadaye. Anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto, ana ruhusa ya kula. Habari ya kulipa na fidia muulize sheikh wako.

Mama mkwe, wifi, jirani: ukienda kumtazama mzazi, usiende na maswali ya kwa nini mtoto ni mwembamba au kwa nini kajifungua kwa upasuaji. Nenda na chupa ya uji. Mbebe mtoto, mwache mama alale saa mbili.

Na wewe mzazi unayesoma huku unanyonyesha: machozi yako si ukafiri. Bibi Maryam naye alizidiwa, na Mola wake hakumwacha. Sema unavyojisikia, kwa mumeo, kwa mama yako, kwa nesi wa kliniki. Na usione haya kula.

Jioni ukishika kokwa ya tende na glasi ya maji kufuturu, kumbuka: hivyo ndivyo vitu alivyopewa mzazi aliyekuwa peke yake chini ya mtende. Kisha jiulize, karibu yangu ni nani bado hajapelekewa?

Ewe Mola wetu, wape shifaa wazazi wote, watulize nyoyo zao, wakuze watoto wao katika kheri, na utufanye sisi kuwa sababu ya faraja yao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzio, hasa mwenye mzazi nyumbani. 🌙