Kiti cha Kando ya Uwanja

Vijana wa ushirika wetu hapa Puge walituletea swali. Walikuwa wametazama mpira wa kikapu wa Marekani kwenye simu, wakaona watu walioketi kando kabisa ya uwanja, viatu vyao vikikaribia kugusa mstari. Kiti cha namna hiyo huweza kugharimu maelfu ya dola kwa usiku mmoja. Wakauliza: Mkristo akiwa na fedha hiyo, ikiwa ni ya halali, na sadaka yake ameshaitoa, je, anakosa akikinunua kiti kile?

Wapo waliojibu upesi kwamba anakosa, kwa kuwa fedha hiyo ingenunua bati za kanisa. Hatuoni kwamba jambo ni jepesi hivyo. Kwa kipimo hicho hata soda ya harusini ni dhambi. Yule mwanamke aliyemmiminia Bwana Yesu marhamu ya thamani alilaumiwa kwa hoja hiyohiyo ya maskini, na Bwana alimtetea. Tena kufurahia kazi nzuri kwa karibu si uovu. Anayeketi pale husikia viatu vikilia sakafuni na kocha akikaripia, huona jasho, na huona jinsi mtu mwenye urefu wa mita mbili anavyochoka kama mpagazi. Wa juu, kwenye ngazi za mwisho, hayaoni hayo, ingawa yeye huona vizuri zaidi timu inavyojipanga. (Aliyewahi kutazama mpira akiwa juu ya mwembe analijua hili.)

Kinachotusumbua sisi ni jambo lililotokea tarehe 5 Juni 2019, mjini Oakland, katika mchezo wa tatu wa fainali ya NBA. Kyle Lowry wa Toronto Raptors aliufuata mpira uliokuwa unatoka nje, akawaangukia watazamaji wa mstari wa mbele. Mark Stevens, tajiri aliyekuwa mmoja wa wenye hisa katika timu ya nyumbani, Golden State Warriors, alinyoosha mkono akamsukuma. Alipigwa faini ya dola 500,000 na kuzuiwa mwaka mmoja asihudhurie michezo ya ligi.

Tumelitafakari tukio hilo zaidi ya bei ya tiketi. Mtu huyo alikuwa amepata ukaribu wote ambao mwanadamu anaweza kuupata bila kuvaa jezi. Lakini mchezo wenyewe ulipomjia, na uzito wake na jasho lake, aliusukuma urudi ulikotoka. Alitaka kuwa karibu, ila hakutaka kuguswa.

Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unazungumza habari za viti waziwazi. Tajiri mwenye dhahabu kidoleni anaingia, maskini naye anaingia na nguo chafu. Mmoja anaonyeshwa mahali pazuri, mwingine anaambiwa asimame au akae chini. Tuangalie ni nani anayekemewa pale. Tajiri hajakosa kwa kuingia, wala haisemwi kwamba alidai kiti. Anayekemewa ni yule anayewapangia watu viti, yaani, kwa lugha ya kwetu, mzee wa kanisa aliye zamu mlangoni.

Sasa, katika ukumbi wa mpira wa kikapu kuna viti vingine vilivyo kando ya uwanja uleule, juu ya sakafu ileile, na haviuzwi. Ni benchi la wachezaji wa akiba. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na timu ya Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Wengi walimsema, na wengine bado wanamsema, kwa sababu katika misimu yake pale, hadi mwaka 2014, sehemu kubwa ya muda wa mchezo aliketi benchini. Ukipima kwa futi, alikuwa karibu sawa na tajiri aliyelipa maelfu. Tofauti ni kwamba Hasheem angeweza kuitwa. Alipaswa kukaa miguu ikiwa tayari, akijua kwamba akiitwa ataumia, atachekwa, au atafunga. Sisi tunaliona benchi hilo kuwa la heshima kuliko wanavyolisema wenye kejeli.

Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, waliomba viti vya karibu, mmoja kuume na mmoja kushoto. Katika Marko, sura ya 10, Bwana hawaambii kwamba ukaribu ni mbaya. Anawauliza kama wanakiweza kikombe chake. Wazee wetu wa njia ya misafara wangelielewa swali hilo, maana kirangozi aliyetangulia mbele ya wapagazi ndiye aliyeanza kukanyaga mto na kukutana na hatari ya njiani.

Kwa hiyo tuliwajibu vijana: tajiri na anunue kiti chake, kama hajamdhulumu mtu, ila ajiulize atafanya nini mchezaji akimwangukia. Hawakuridhika. Binti mmoja alituuliza kwa nini siku ya harambee viti vya plastiki vyenye mito hupangwa mbele kwa ajili ya wageni wenye bahasha, na mama aliyefiwa juma lilelile anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Mwenzetu mmoja akasema mgeni akiwekwa nyuma hatarudi, na paa litabaki nusu. Hoja yake ina uzito. Mvua za Novemba hazingoji. Lakini hata yeye hakuweza kusema ni nani kati ya hao wawili anayengojea kuitwa kwa jina ibada inapoendelea. Baraza la wazee limeahirisha mpango wa viti vya harambee hadi kikao kijacho, na binti yule ameomba awepo.