Aliyepewa Uraia, Je, Avuke Mpaka Siku za Mashaka?



Jioni moja baada ya ibada, hapa Bariadi, ndugu mmoja fundi wa cherehani alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Alikuwa ameshika simu mkononi, wala hakuketi nilipomwonyesha benchi. Akasema, "Mzee, kaka yangu yu mgonjwa sana huko kwetu, upande wa Makamba, nao wanaomwuguza wasema hatamaliza mwezi. Nikienda, nitarudi?" Hakuuliza kama nauli itatosha, wala kama njia ni njema. Aliuliza kama atarudi. Neno hilo limenikalia moyoni, nami nataka tulifikiri pamoja, maana watu wa hali yake wamo katika sharika zetu, na wengi wetu tuliozaliwa hapa hatujui hata kwa nini swali kama hilo laulizwa.

Wazee wanakumbuka habari za mwaka 1972. Mwaka ule mauaji makubwa yalitokea Burundi, Wahutu wengi sana wakauawa, na maelfu kwa maelfu wakavuka kuja kwetu. Serikali ikawapa makao katika misitu ya magharibi: Ulyankulu katika Tabora, na Katumba na Mishamo katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi. Wakakata miti, wakalima mahindi na tumbaku, wakazaa watoto, na watoto wakazaa wajukuu. Hata mwaka 2007 wakaulizwa, Mwataka kurudi, au mwataka kuwa raia wa Tanzania? Karibu wanne katika kila watano walichagua uraia. Mwaka 2010 ikatangazwa ya kuwa watu zaidi ya 162,000 wamekubaliwa. Lakini hati zenyewe hawakupewa wakati ule, kwa sababu shauri lilikuwa kwamba kwanza wayahame makazi yao, watawanywe mikoani. Basi wakakaa miaka kama minne hali wameukana uraia wa kwanza, na karatasi ya uraia wa pili hawajaishika. Shauri la kuwatawanya likaachwa, na hati zikaanza kutolewa Oktoba 2014, Rais Kikwete naye akizikabidhi.

Fundi wetu aliingia nchi hii mgongoni mwa mama yake. Alikulia Ulyankulu, akajifunza kushona huko. Mwaka 2008 mama yake na kaka yake walikuwa miongoni mwa wale waliochagua kurudi. Yeye alikuwa amekwisha kumposa binti wa Kisukuma, akabaki. Alipopata hati yake alihamia hapa kwa wakwe zake, akafungua duka dogo la kushona karibu na soko. Watoto wake wasema Kisukuma vizuri kuliko wangu.

Sasa, wako watu watakaosema, Mtu mwenye hati aogopa nini? Hati si hati? Hao ni watu ambao hawajapata kuulizwa baba yao alizaliwa wapi. Raia wa kuzaliwa haweki uraia wake mfukoni. Yumo ndani yake kama samaki alivyo majini. Aliyepewa anauona kila siku, maana ni kitu alichokabidhiwa, na kilichokabidhiwa kwa mkono mkono waweza kukitwaa tena. Wala si hofu ya bure. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yampa Waziri uwezo wa kumvua uraia mtu aliyeandikishwa, kwa mfano akionekana hana utii kwa nchi, au akikaa nchi za nje miaka mitano mfululizo pasipo kujiandikisha kila mwaka kwa balozi wetu. Raia wa kuzaliwa hana sheria ya namna hii juu ya kichwa chake. Sisemi sheria hiyo ni mbaya. Nchi nyingi zina kama hiyo. Nasema tu ya kuwa wawili wasimamao pamoja kwenye foleni ya mpakani, wenye pasi za rangi moja, hawasimami mahali pamoja.

Tena wameyaona mambo. Mwaka ule ule wa 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi katika Uganda kwa siku tisini, na wengi waliosema, Sisi ni raia, waliambiwa karatasi zao hazifai. Hapa kwetu, mwaka 2001, Serikali ilitangaza ya kuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa magazeti aliyepata kuwa mbunge, si raia. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, na maelfu wakatolewa nchini. Wamo waliokuwa wamekaa miaka mingi na kuoa huku, na familia zikagawanyika. Mtu akiyakumbuka hayo, kisha akaambiwa, Panda basi uende Burundi, moyo wake wafanya hesabu ambayo wangu haufanyi.

Nami sina budi kukiri jambo. Hii si mara ya kwanza fundi huyu kuniuliza. Mwaka 2015 mama yake alikufa. Mtakumbuka habari za mwaka ule: Aprili watu wa Bujumbura walitoka barabarani kwa sababu Rais Nkurunziza alitaka kipindi cha tatu, Mei wakuu wengine wa jeshi walijaribu kumpindua naye yuko Dar es Salaam mkutanoni, na watu wakakimbia tena kuja kwetu, makumi ya maelfu wakarundikana Kagunga, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, hata kipindupindu kikawashika. Habari ya kifo ilimfikia katikati ya hayo, naye alikuwa na hati ya miezi michache tu. Akaja kwangu. Nalimwambia, Usiende. Nalimwambia, Wenzako wakimbia kutoka huko, wewe waingia. Walinzi watakutazamaje ukirudi katika kundi la wakimbizi? Una watoto watatu. Marehemu amekwisha kufa, kwenda kwako hakutamwamsha.

Kila neno katika hayo lilikuwa kweli. Hata hivyo leo naona nalikosea, si katika shauri lenyewe labda, bali katika jinsi nalivyolifikia. Nalihesabu hatari peke yake, kana kwamba upande wa pili wa mizani hapana kitu. Sikuuliza mama yule alikuwa nani kwake. Baadaye nalisikia ya kuwa ndiye aliyembeba siku nne porini, naye akamwacha njiani mtoto mwingine aliyekwisha kufa. Deni la namna hii halilipwi kwa salamu za simu. Wala sikumwuliza mkewe, niliyemtaja sana katika maneno yangu ya kumzuia. Niliposema naye mwaka huu, yule mama akanijibu kwa upole, kama wafanyavyo watu wa kwetu wakitaka kukuonya mzee: "Baba, ulinihifadhia mume wangu, asante. Lakini hukuniuliza kama nami nalitaka watoto wangu wajue ya kuwa baba yao hakumzika bibi yao."

Basi tulitazame jambo lenyewe. Wako wasemao ya kuwa aliyeupokea uraia wa nchi amefunga mlango wa nyuma, na haimpasi kuufungua. Nadhani hao wamechanganya mambo mawili. Alikula kiapo cha kuitii Tanzania. Hakula kiapo cha kumsahau aliyemzaa. Mtu wa Bariadi akienda Nairobi kumwona dada yake aliyeolewa huko, hapana asemaye mguu wake mmoja uko nje. Kwa nini fundi asemwe? Na mkisoma mwisho wa kitabu cha Mwanzo mtamwona Yusufu, aliyekuwa mkuu katika Misri, amevikwa nguo ya nchi, ameoa katika nchi, amepewa hata jina la nchi. Baba yake alipokufa alimwomba Farao ruhusa aende Kanaani kumzika, kwa kuwa alikuwa amemwapia, akaahidi kurudi. Akaenda, akalia siku zake, akarudi. Nimesikia wengine wakifundisha ya kuwa watoto na kondoo walioachwa Gosheni walikuwa kama rehani mkononi mwa Farao. Huenda. Mimi naona mtu aachaye watoto na mifugo amekwisha kujibu swali la wapi ni kwake. Lakini hadithi hiyo tusimtwike fundi kwa wepesi: Yusufu alikwenda na magari na wapanda farasi wa Farao, huyu anakwenda na mkoba.

Wengine, hasa vijana wetu waliosoma, wananena kinyume: uraia usioweza kutoka na kurudi si uraia, ni zizi, basi na aende, aijaribu ahadi ya nchi. Ni neno zuri kwa sikio la Msukuma. Hata hivyo nimeona ya kuwa wanaolinena ni watu ambao ahadi yenyewe haitajaribiwa kwa ngozi yao. Hapana mwenye haki ya kumtuma jirani yake mpakani ili tujue kama sheria yafanya kazi. Akienda, na aende kwa ajili ya kaka yake.

Maana hilo nalo lapasa kuulizwa: anakwenda kwa ajili ya nini? Mtu wa hali hii akiniambia anakwenda kutafuta biashara, au kuonyesha jamaa zake jinsi alivyofanikiwa, nitamwambia angoje siku tulivu, maana faida itapatikana hata mwakani. Lakini mgonjwa wa kufa hangoji. Na siku tulivu zenyewe ni lini? Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Mwanzo wa mwaka 2025 Goma na Bukavu zilitwaliwa na waasi wa M23, na Wakongo kwa makumi ya maelfu wakakimbilia Burundi. Nasi wenyewe tuliyaona yaliyotokea siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, na siku zilizofuata, vurugu na vifo, watu wa Dar es Salaam wakakatazwa kutoka usiku, na intaneti ikazimwa. Siku kama zile kila mwenye shaka ya karatasi huiogopa barabara. Tukimwambia fundi angoje hata nchi zote zitulie, tumemwambia asiende kamwe, ila tumeficha neno letu.

Hatari basi haiondoki. Yaliyo katika uwezo wetu ni kuipunguza, na hapo ndipo nasi tuliozaliwa hapa tunaingia. Njia ya fundi ni Maswa, Shinyanga, Kahama, Nyakanazi, kisha Kibondo na Kasulu hata Manyovu. Katika nchi ile ya mpakani vijia vya kupenya ni vingi, na wenyeji watakuonyesha kwa fedha kidogo. Raia wa kuzaliwa akikamatwa katika njia ya panya atakuwa na kosa la njia. Aliyepewa uraia atakuwa na kosa la njia pamoja na shaka ya nafsi yake yote. Na apite mlangoni, pasi yake ipigwe muhuri akitoka na akirudi, hata kama foleni ni ndefu na jua ni kali. Na achukue barua ya mtendaji wa kata, inayotaja duka lake na watoto wake na shule yao. Na mwenyekiti wa mtaa awe na namba yake ya simu, na mwinjilisti vilevile, ili ofisa wa mpakani akitaka kuuliza, apatikane mtu wa kujibu mara moja, Ndiyo, huyu twamjua.

Neno hilo, twamjua, lina nguvu kuliko tunavyodhani. Waliotolewa katika operesheni wengi walitolewa kwa kuwa jirani alinyamaza, au alinyosha kidole kwa sababu ya shamba. Nasikia hata sokoni kwetu fundi huyu, baada ya miaka yote hii, bado huitwa "yule mkimbizi" na watu wanaovaa mashati aliyoyashona. Katika kitabu cha Matendo yule jemadari alishangaa na kuogopa alipojua ya kuwa aliyemfunga ni Mrumi, ijapokuwa yeye mwenyewe uraia wake aliununua kwa fedha nyingi. Nani atamwogopesha ofisa kwa ajili ya fundi, ikiwa sisi tumwitao mkimbizi ndio mashahidi wake?

Sikumwambia nenda, wala sikumwambia usiende. Nalimwambia aniletee mkewe. Tukakaa watatu, tukahesabu yote mawili, hatari na deni, kila moja kwa jina lake. Na nilipofika kwenye watoto, nikanyamaza, mkewe ndiye akasema. Wakaenda nyumbani. Kesho yake akaja kuniambia amekwisha kukata tikiti.

Nalimsindikiza stendi kabla ya alfajiri. Alikuwa na pasi, barua ya mtendaji, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na shuka mbili za mgonjwa alizozishona usiku. Hati yake ya uraia hakwenda nayo. Amechukua nakala tu, na hati yenyewe ameiweka kwangu, ndani ya sanduku la vitabu vya usharika. Amesema atakuja kuichukua kabla ya palizi ya pamba.