Anatembea kwa ajili ya nani?



Kati yetu kuna watoto wenye mtindio wa ubongo. Baadhi yao huvaa ndani ya viatu vile vifaa vya plastiki ngumu vinavyoshika wayo na kifundo cha mguu. Baada ya ibada wazazi wao huulizwa, "Atavivua lini?" Swali hutoka kwenye upendo, lakini tulitazame vizuri.

Mtindio wa ubongo hutokana na jeraha lililoupata ubongo ukiwa bado unakua. Jeraha haliongezeki, ila misuli huweza kukaza kadiri mtoto anavyorefuka. Kifaa humsaidia asitembelee vidole, akanyage imara. Hakiponyi ubongo, na mtoto akikua hutengenezewa kingine. Hapa Ontario serikali hulipa asilimia 75 ya gharama kwa anayestahili, na familia zinazopokea msaada wa jamii huweza kulipiwa zote. Kwa hiyo tuulize, tusikae kimya.

Mara nyingi kizuizi kikubwa ni aibu. Mtoto huvuliwa vifaa kabla ya kuja kanisani ili watu wasione. Mwingine hunyimwa kiti cha magurudumu kwa kuwa "anaweza kutembea", ingawa akifika darasa la Jumapili amechoka, hata kucheza hawezi. Je, anatembea kwa ajili yake, au kwa ajili ya macho yetu?

Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, jirani zetu wa Hamilton, walitoa ngazi tano za kueleza mwendo wa watoto hawa. Hawaangalii mtoto aweza nini siku moja akijikaza, bali hufanya nini kila siku nyumbani, shuleni na mtaani. Hicho ni kipimo cha haki.

Je, tuache kuombea uponyaji? Hapana, tuombe. Lakini kuvaa kifaa si kukosa imani, kama kuvaa miwani kusivyo kukosa imani. Tumkumbuke Mefiboshethi, kilema wa miguu yote miwili. Daudi hakumwambia atembee kwanza ndipo aketi. Maandiko hayasemi miguu yake ilipona. Yanasema alikula mezani pa mfalme.

Basi Jumapili hii tumuulize mtoto mwenyewe anataka kwenda wapi. Kisha tumfungulie njia, aende kwa miguu, kwa vifaa au kwa magurudumu.