Aliyemo Ndani ya Chuma

Tumeulizwa na kijana mmoja wa darsa yetu hapa Nyeri: je, ni halali kwa Mwislamu kuucheza mchezo wa kompyuta ambao mchezaji huingia ndani ya jitu la chuma, akaliendesha na kupiga nalo vita? Mchezo aliokusudia ni MechWarrior, uliotolewa mwaka 1989, ukafuatwa na wa pili mwaka 1995.

Wako wenzetu ambao jawabu lao huwa tayari kabla ya swali kwisha: haramu. Sisi hatuoni hivyo. Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), na Bibi Aisha (R.A.) akawatazama, na kulenga mishale ni jambo lililohimizwa. Kuigiza vita peke yake si dhambi, wala kuharimisha bila ya dalili si uchaji Mungu. Swali letu ni jingine: mchezo huu wamfunza mtu kuuzuia mkono wake kwa sababu gani?

Maana kujizuia kumo. Jitu hilo, ambalo uzito wake ni baina ya tani 20 na 100, hupata moto kila silaha zake zinapopigwa. Mwendeshaji akipiga ovyo, mtambo hujizima, naye akabaki shabaha ya adui. Kwa hivyo mwenye akili hutazama kipimo cha joto, hupiga kidogo, hungoja. Twakiri kuwa ni ufundi wa kupendeza. Lakini mkono wake wazuiwa na joto la mtambo, hauzuiwi na yule aliye mbele yake. Yule ni alama tu kwenye kioo. Tena katika mchezo ule wa 1989 mpiganaji ni askari wa kukodiwa. Hupigana kwa mkataba, na ujira ndio hoja yake.

Haya si ndoto kwa watu wa mlima huu. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliitangaza misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwa eneo lililokatazwa. Aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi bila ya kuulizwa. Ndege ndogo aina ya Harvard ziliruka kutoka Mweiga, karibu na mji wetu, zikiwa na mabomu madogo na bunduki za rashasha. Kisha zikaja Lincoln, ndege kubwa zilizotoka Eastleigh, Nairobi, na mabomu ya ratili 500 na 1,000. Rubani aliona nini? Vilele vya miti, na mianzi. Chini yake labda alikuwako mpiganaji, labda mwanamke aliyepeleka chakula, labda hapana mtu. Ndovu, nyati na vifaru walijeruhiwa, wakawa wakali kwa kila apitaye. Rubani alitazama mafuta, mawingu na saa yake. Hatumwiti mnyama; yumkini nyumbani kwake alikuwa baba mpole, na hilo ndilo litutialo hofu.

Usama bin Zaid (R.A.) alimwua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuuogopa upanga. Mtume (S.A.W.) akamkemea, akimwuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule hata akajua yaliyomo. Usama alimwona uso kwa uso na kuisikia sauti yake, na bado hakusalimika na lawama. Itakuwaje basi aliyeona vilele vya miti? Atasema aliamriwa. Lakini amri ya mkubwa haimhalalishii mtu kumwasi Muumba wake, na hili wanazuoni hawakuhitilafiana.

Mchezo wenyewe haujamwua mtu, nasi hatuuharimishi. Tulimwambia kijana acheze, maadamu haumpitishi swala wala masomo. Ila kwanza amwendee babu yake, aliyekuwa mtoto huko Mathira mwaka 1953, amwulize walikimbilia wapi walipoisikia ndege.